Siku 91 ndani ya pipa: mwongozo kamili wa kuishi kwenye chemba ya kujaribia mitambo ya uhai ya anga za juu

Tarehe 19 Septemba 1997 watu wanne waliingia kwenye pipa la chuma la ghorofa tatu huko Johnson Space Center, kituo cha NASA (shirika la anga za juu la Marekani) mjini Houston, na mlango ukafungwa nyuma yao. Walitoka tarehe 19 Desemba. Kwa siku hizo 91 John Lewis, Vickie Kloeris, Laura Supra na Nigel Packham walivuta hewa ileile, na walikunywa maji yaliyokuwa mkojo, jasho na maji ya kufulia. Robo ya kazi ya kusafisha hewa yao ilifanywa na ngano iliyopandwa kwenye chemba ya jirani. Ilipokomaa wakaisaga, wakaoka mkate.

Taarifa za majaribio ya namna hii zimejaa pampu, vali na machujio. Mwongozo huu unahusu kifaa kilichobaki, yaani wewe unayeingia. Kwa injinia aliye nje ya mlango, wewe ni kipande cha mtambo: unameza oksijeni gramu 840 hivi kwa siku, unatoa kabonidayoksaidi karibu kilo moja. Pampu nayo ina hesabu zake, ila pampu hainuni, haikosi usingizi, haifichi kipande cha chokoleti chini ya mto. Nimeuandika kwa anayetaka kuomba nafasi ya kuwa mkaaji, na kwa mwanafunzi au mwalimu anayepanga jaribio dogo la siku chache chuoni kwake.

Hatua ya 1: Uliza mlango unafunga nini

Kwa picha majaribio haya yanafanana, lakini yako ya aina mbili. Kuna yanayofunga watu tu: Mars-500 ya Moscow (wanaume sita, siku 520, kuanzia 3 Juni 2010 hadi 4 Novemba 2011), HI-SEAS kwenye mteremko wa Mauna Loa huko Hawaii, na CHAPEA ya Houston ambayo wakaaji wake wanne wa kwanza walimaliza siku 378 tarehe 6 Julai 2024. Humo anayepimwa hasa ni mtu. Kisha kuna yanayofunga watu pamoja na hewa na maji yao: BIOS-3 ya Krasnoyarsk huko Siberia, Biosphere 2 ya Arizona, Lunar Palace 1 ya Chuo Kikuu cha Beihang mjini Beijing, na lile pipa la Houston. Humo soksi uliyofua leo ni chai ya kesho kutwa.

Kabla ya kutia sahihi, pata majibu ya maswali haya kwa maandishi. Hewa inatoka wapi, na nani anaipima? Maji yanazunguka au yanaletwa? Nikiumwa, nani ana mamlaka ya kufungua mlango, na mimi mwenyewe naweza kutoka bila kutoa sababu? Picha, damu na daftari langu vitabaki mali ya nani?

Swali la mlango usilionee haya. Ndani ya Biosphere 2, wiki mbili hivi tu baada ya kufungiwa mwaka 1991, mmoja wa wakaaji wanane alikatwa ncha ya kidole na mashine ya kupura mpunga. Akatolewa kufanyiwa upasuaji, akarudi saa chache baadaye, na magazeti yakashughulika zaidi na mfuko aliorudi nao ndani ya chemba iliyotakiwa kubaki imefungwa kuliko na kidole. HI-SEAS ya Februari 2018 ilivunjika siku ya nne baada ya mkaaji kupigwa shoti ya umeme na kupelekwa hospitali. Katika SIRIUS-21 ya Moscow, iliyopangwa kwa siku 240, mmoja alitoka baada ya mwezi hivi kwa sababu ya jeraha, na waliobaki wakaendelea. Kwa hiyo jaribio lenye akili linapanga mapema litakavyoendelea na watu pungufu. Ukiambiwa "hilo haliwezi kutokea," usiingie.

Jambo moja kwa wenzetu walioko Marekani: CHAPEA huchukua raia na wakaazi wa kudumu wa nchi hiyo tu. Usipoteze wiki mbili kujaza fomu kabla ya kusoma mstari huo.

Hatua ya 2: Jifunze hesabu ya pumzi yako

Hewa ya nje ina kabonidayoksaidi karibu asilimia 0.04. Ndani ya kituo cha kimataifa cha anga za juu kiwango cha kawaida huwa mara kumi ya hapo hivi, na katika chemba ndogo kinaweza kufika huko haraka mtambo ukizembea. Dalili zake zinakuja kimyakimya: kichwa kinauma, macho mazito, unasoma mstari mmoja mara tatu, unamjibu mwenzako kwa ukali bila sababu. Hili la mwisho andika mahali utakapoliona. Ukijikuta unamchukia mtu kwa namna anavyotafuna, kwanza tazama mita ya hewa.

Mtu anayefanya mazoezi makali hutoa kabonidayoksaidi mara kumi ya aliyelala. Chemba ikiwa na baiskeli moja na watu wanne, wakaamua wote kufanya mazoezi kabla ya chakula cha jioni, mtambo unapata kilele ambacho hakikupangwa. Ndiyo maana ratiba ya mazoezi si suala la afya pekee. Ni sehemu ya udhibiti wa hewa. Gawaneni saa, na anayetaka kubadilisha zamu amwarifu mtu wa mitambo kwanza.

Ngano nayo inapumua kwa ratiba yake. Mwaka 1995, katika jaribio la kwanza la mfululizo huo wa Houston, Nigel Packham alikaa peke yake siku 15 akitegemea mita za mraba 11.2 za ngano. Mojawapo ya njia walizojaribu ilikuwa kupandisha na kushusha mwanga wa taa ili mimea ifuate mahitaji ya mtu mmoja. Hebu fikiria: unapanda kitandani, na mtu wa nje anapunguza taa za shamba kwa sababu wewe umelala.

Na oksijeni ikipungua? Biosphere 2 ilifungwa ikiwa na asilimia 20.9, na baada ya miezi 16 ikawa 14.5. Vijidudu vya kwenye udongo ulioshiba mboji vilikuwa vinakula oksijeni kuliko mimea ilivyoweza kurudisha, na kabonidayoksaidi iliyotakiwa kuwafichua ikawa inanyonywa na zege la kuta, ndiyo maana hesabu zilichukua muda mrefu kueleweka. Wakaaji walikuwa wanaishi kama watu walio mlimani zaidi ya mita 4,000. Kwa aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ni kati ya Horombo na Kibo. Walilima, walipika na kugombana wakiwa huko juu. Januari 1993 oksijeni ikaingizwa kutoka nje.

Zoezi la nyumbani: wiki mbili kabla ya kuingia, andika kila siku saa ulizolala, mapigo ya moyo asubuhi, uzito, na kama kichwa kilikuuma. Bila hiyo hutajua ndani ya chemba kipi ni kipya na kipi ulikuja nacho.

Hatua ya 3: Panga mkoba kama mtu anayejua sumu

Ukiwa nyumbani harufu hupita dirishani. Ndani ya chemba kila kinachofuka kinabaki mpaka chujio likikamate, kama linaweza. Kwa hiyo acha manukato, dawa ya kunyunyiza kwapani, rangi ya kucha na kiondoa rangi yake, gundi, kalamu za wino mkali. Kwa mtu wa pwani hii ni adhabu: hakuna udi, hakuna ubani, hakuna asumini kwenye nywele. Hata nguo mpya zifue mara kadhaa kabla, kwa sababu kitambaa kipya kina kemikali za kiwandani.

Waandaaji nao hukosea. Katika majaribio ya Houston formaldehaidi ilipanda hewani, na ilipofuatiliwa, chanzo kimojawapo kikubwa kilikuwa sponji zilizobandikwa ukutani kupunguza kelele. Walitaka masikio yapumzike, mapafu yakalipa. Ikabidi sponji zitolewe. Ndiyo maana kila kitu, hata mto wako wa kulalia, kinapaswa kupimwa hewa yake kabla ya kuingia, na wewe usikasirike ukirudishiwa.

Sabuni ni somo la peke yake. Kama maji machafu yanasafishwa na bakteria, kama ilivyokuwa katika zile siku 91, bakteria hao ndio wafanyakazi wenzako na wanakula unachowapa. Sabuni ya dukani yenye dawa ya kuua vijidudu itawaua. Sabuni inayotoa povu jingi itajaza matangi povu. Utapewa aina moja ya sabuni kwa mwili, nywele na pengine nguo, na ngozi yako italalamika. Anza kuitumia nyumbani mwezi mmoja kabla. Mwenye nywele za kipilipili au zilizosukwa aulize mapema kuhusu mafuta, maana waandaaji wengi hawajawahi kulifikiria suala hilo na mafuta ni adui wa machujio. Kusuka nywele kwa mtindo usiohitaji mafuta mengi kabla ya kuingia kunaweza kuokoa mabishano ya mwezi mzima.

Cha kubeba: picha za karatasi, kitabu kinene, kitu cha mikono (kufuma, kuchonga, bao la kete), zawadi ndogo tatu au nne zilizofungwa kwa ajili ya wenzako, na daftari lisilosomwa na mtu.

Hatua ya 4: Maji, choo na vikombe vya kupimia

Wengi huogopa kunywa maji yaliyokuwa mkojo. Hofu hiyo hudumu siku mbili. Maji yanayotoka mwisho wa mtambo hupimwa mara nyingi kuliko ya bombani kwako, na mwaka 2023 kituo cha kimataifa cha anga za juu kilionyesha kwamba kinaweza kurudisha asilimia 98 ya maji yake. Kinachochosha si kunywa, ni kupima.

Amka. Kabla ya kusema neno, unachukua chombo chenye namba yako, unakojoa humo, unapima ujazo, unaandika saa, unachota sampuli kwenye kichupa, unabandika lebo, unaweka kwenye friji, kilichobaki unamimina kwenye mtambo. Kisha uzito wa mwili. Kisha mate. Yote hayo macho yako hayajafunguka vizuri, na kuna mwenzako nje ya pazia anagongagonga mguu. Fanya hivyo siku 91. Kosa moja, mkojo uliomwagika bila kuandikwa, na hesabu ya maji ya chemba nzima haifungi wiki hiyo. Mainjinia watatafuta uvujaji kwenye mabomba kumbe uvujaji ni aibu yako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo.

Mashine nazo hupangwa kwa mtu wa wastani ambaye hayupo. Mwaka 1972, kabla ya kituo cha anga za juu cha Skylab kurushwa, Robert Crippen, Karol Bobko na William Thornton walikaa siku 56 kwenye chemba ya Houston katika jaribio lililoitwa SMEAT. Thornton alikuwa mtu wa miraba minne. Mifuko ya kukusanyia mkojo haikutosha mkojo wake wa siku, mgawo wa chakula haukumtosha, na baiskeli ya mazoezi ilimshindwa. Mifuko ikabadilishwa kabla ya safari halisi. Kama wewe ni mrefu, mnene, mdogo sana au una hedhi nzito, usijibane kuonekana rahisi. Kutolingana kwako na mashine ni matokeo ya jaribio, na ndiyo kazi uliyoitwa kuifanya.

Kuhusu kinyesi: Houston waliunguza sehemu yake kwenye tanuri na kabonidayoksaidi iliyopatikana ikaenda kulisha ngano. Kwenye majaribio mengine hukaushwa na kuhifadhiwa. Wekeni zamu ya kusafisha choo tangu siku ya kwanza, na mkuu wa kundi awe wa kwanza kuishika. Aliyesoma shule ya bweni anajua ugomvi mwingi huanzia wapi.

Hatua ya 5: Jikoni

Hapa ndipo wapangaji huhesabu kalori na kusahau saa. Chukua mkate mmoja. Ngano inakatwa kwa mkasi, masuke yanapurwa, makapi yanapepetwa ndani ya chumba ambacho vumbi likiruka litaziba chujio la hewa, punje zinapimwa, zinasagwa kwenye kinu kidogo chenye kelele ya kuamsha aliyetoka zamu ya usiku, unga unachekechwa na kupimwa tena, unakandwa, unaachwa uumuke, unaokwa. Hamira nayo inatoa kabonidayoksaidi, na tanuri linapandisha joto ambalo mtambo lazima uliondoe. Mabua yanapimwa. Mkate ukitoka, unapimwa kabla ya kukatwa. Wakati huo watu wanne wamejipanga mezani kwa sababu ya harufu.

Kwa saa za kazi, mkate huo ni ghali kuliko biskuti za kwenye pakiti. Lakini nisingeuondoa. HI-SEAS ya kwanza kabisa, mwaka 2013, ililinganisha siku za kupika na siku za vyakula vya kumwagia maji ya moto, kwa sababu kuchoshwa na chakula kunajulikana tangu zamani: watu hula kidogokidogo mpaka wanakonda bila kuona. Kupika humpa mtu jambo la kuamua katika siku ambayo kila kitu kingine kimeamuliwa.

Kanuni zangu za jikoni ni chache. Kila mtu apike, hata asiyejua. Mpishi wa kudumu hugeuka ama mtumwa au mfalme. Viungo vigawanywe kwa miezi na kufungwa, la sivyo pilipili itaisha wiki ya sita. Chumvi muwe waangalifu nayo, na si kwa sababu ya presha tu: katika chemba ya Mars-500 watafiti walishusha chumvi ya wakaaji hatua kwa hatua kutoka gramu 12 kwa siku hadi 9 hadi 6, wakagundua kinyume cha tulichoambiwa na bibi zetu. Walipokula chumvi nyingi walikunywa maji kidogo, na njaa ikawazidi. Ugunduzi huo ulipatikana kwa kuwa wanaume wale walikula kila tonge walilopimiwa na kukusanya kila tone la mkojo.

Usitegemee kula utakavyo. BIOS-3, ambayo watu watatu waliishi siku 180 mwaka 1972 hadi 1973, ilipanda ngano, mboga na ndago ya kuliwa kwa ajili ya mafuta yake. Ndiyo, ndugu wa gugu lile linalomtoa jasho mkulima wa kwetu. Nyama kavu waliingia nayo. Lunar Palace walifuga viluwiluwi vya mende wa unga kwa mabaki ya mimea na kuvifanya kitoweo. Na wale wa Biosphere 2 walikula viazi vitamu vingi kiasi kwamba ngozi zao zilipata rangi ya chungwa.

Tengeni chakula cha sherehe kabla ya kuingia: siku za kuzaliwa, Idi, Krismasi, nusu ya safari. Kifungeni na muandike tarehe.

Hatua ya 6: Usingizi

Saa ya mwili inahitaji jua, na humo hakuna. Katika Mars-500 watafiti waliwavalisha wakaaji vifaa vya kupima mwendo mkononi kwa siku zote 520. Kadiri miezi ilivyokwenda watu walizidi kukaa na kulala, wakachangamka tena karibu na mwisho. Mmoja mwili wake ukaanza kufuata siku ya saa 25, kwa hiyo alikuwa macho wenzake wakilala, analala wakifanya kazi, kisha anarudi sawa nao, kisha anapotea tena. Hakuwa mvivu. Alikuwa hana asubuhi.

Fanya hivi: taa kali nyeupe saa moja ya kwanza baada ya kuamka, bila kukosa, taa za njano na hafifu saa mbili kabla ya kulala, chakula cha asubuhi pamoja, hata kama hamsemeshani. Vizibo vya masikio ingia na vingi, maana feni hazinyamazi, na siku zikinyamaza ndipo uamke ukimbie. Sauti ya feni ndiyo inayokuambia hewa inazunguka. Chumba cha kulala kiwe cha mtu mmoja hata kama ni mita tatu za mraba, chenye mlango.

Hatua ya 7: Watu walio ndani, na watu walio nje

Watu wanaogopa kugombana na wenzao wa chemba. Takwimu za Mars-500 zinaelekeza kwingine: migongano na kituo cha nje iliripotiwa mara tano zaidi ya ile ya wakaaji wenyewe kwa wenyewe. Na wakaaji wawili tu kati ya sita, wale waliojisikia wamechoka na kuelemewa kuliko wengine, walihusika na asilimia 85 ya migongano yote iliyoripotiwa.

Hilo lina maelezo ya kawaida kabisa. Mwenzako utamwona tena baada ya dakika tano kwenye meza ileile, kwa hiyo unameza. Sauti ya redioni haina uso. Inakuuliza kwa nini sampuli ya saa kumi na mbili haijaingizwa, wewe umeamka saa tisa usiku kuzima king'ora cha uongo, na yeye ametoka kunywa kahawa na kuoga maji yasiyopimwa. Hasira yote ya wiki inampata huyo. Ongeza ucheleweshaji wa mawasiliano, kama dakika 20 kwenda na 20 kurudi kule HI-SEAS, na hata msamaha unafika baada ya mtu kulala.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, watu wa zamu wa nje wakae ndani ya chemba siku mbili au tatu kabla ya jaribio, wapime mikojo yao humo. Pili, ujumbe wowote wenye lawama uandikwe, usitamkwe, na usomwe na mkaaji mwingine kabla ya kutumwa. Nikipanga jaribio la siku kumi chuoni ningeanza na hilo la kwanza kabla hata ya kununua mita ya hewa.

Ndani kwa ndani, hatari kubwa si ngumi bali kambi. Wakaaji wanane wa Biosphere 2 waligawanyika wanne kwa wanne, na mpasuko ulitokana kwa sehemu kubwa na ugomvi juu ya uongozi wa nje na namna ya kuendesha utafiti. Marafiki wa zamani waliacha kusemezana. Hata hivyo waliendelea kulima na kukamilisha miaka miwili, kwa kuwa kila upande ulijua mpunga hauna kambi. Zamu za kazi basi zichanganye watu. Asiwepo anayefanya kila kitu na yuleyule.

Kuhusu heshima, usikubali maneno laini. Katika jaribio moja la Moscow lililoanza 1999, kwenye sherehe ya mwaka mpya wa 2000, wanaume wawili walipigana hadi damu, na mkaaji mwanamke kutoka Kanada akabusiwa kwa nguvu baada ya kukataa. Milango kati ya vyumba vya makundi ikaja kufungwa, na mkaaji wa Japani akajitoa. Baadhi ya waandaaji walisema ni tofauti za utamaduni. Sikubaliani nao. Utamaduni gani hauna neno "hapana"? Palikosekana kanuni zilizosemwa kwa sauti kabla ya mlango kufungwa, na mtu wa nje asiye bosi wa jaribio ambaye mkaaji angempigia faragha. Andikeni vyote viwili: nani anaingia chumba cha nani, pombe ipo au haipo, malalamiko yanakwenda kwa nani na yanajibiwa baada ya saa ngapi. Someni kwa pamoja, kila mmoja atie sahihi mbele ya wenzake.

Kila wiki fanyeni kikao kifupi baada ya chakula ambacho kila mtu anataja kero moja ndogo. Ndogo kabisa: kijiko, mlango, mluzi. Kero kubwa hazina haja ya kikao, zinajitangaza.

Hatua ya 8: Dharura

Fanyeni mazoezi matatu kabla ya kuingia na kila mwezi mkiwa ndani: moto, umeme kukatika, kabonidayoksaidi kupanda. Gizani, kwa kupapasa. Kila mtu ajue kuvaa kifaa cha kupumulia bila taa na ajue mkono wa mlango unazungukia upande gani. Kanuni ni kwamba yeyote, hata mdogo kuliko wote, anaweza kusema "tunatoka," na hakuna mjadala mpaka mko nje.

Mwenye kuendesha mtambo awe nani? Warusi wa BIOS-3 waliamua wakaaji wenyewe ndio waendeshe vyombo kutoka ndani. Naipenda njia hiyo: aliyeshika vali haogopi hewa kama anayesubiri kuambiwa.

Hatua ya 9: Mwisho wa safari

Wataalamu hubishana kama robo ya tatu ya muda ndiyo mbaya zaidi. Kwa baadhi ya makundi huonekana, kwa mengine haionekani. Hata hivyo weka kitu cha kusubiri hapo: barua zilizofungwa kutoka nyumbani, chakula kipya, kuhamisha vitanda.

Usihesabu siku kwa kukata mistari ukutani. Kundi la mwisho la Lunar Palace 365 lilijua linatoka siku ya 365. Likaongezewa siku tano, na mlango ukafunguliwa Mei 15, 2018, baada ya siku 370. Kuongezewa huko kulikuwa sehemu ya jaribio: walitaka kuona watu wanafanya nini mwisho ukisogea. Funga mkoba wako siku mlango unapofunguliwa, si kabla.

Siku ya kutoka epuka umati, vumbi la nyumba na watu wenye mafua; mwili wako umekuwa ukikutana na vijidudu vilevile vya watu wanne kwa miezi. Agana na wenzako ndani, kabla ya kamera. Kisha, mlango ukiwa bado umefungwa, panda kwenye mizani mara ya mwisho, kojoa kwenye chombo chenye namba yako, andika saa, na mpe mtu wa mitambo asaini. Ukishavuta pumzi moja ya nje, hesabu ya chemba imefungwa.